Mwalimu Mizani na Alama ya Mwisho

Dada yangu hakuzaliwa na jina la Mizani. Alipewa na wanafunzi wake, ambao hawakujua kwamba baba yetu alikuwa amefanya kazi ya kupima uzito wa malori katika kituo cha barabara kuu, wala kwamba dada, akiwa bado shule ya msingi na akitumwa kumpelekea baba chakula cha mchana, alikuwa na mazoea ya kusimama pembeni na kuyatazama matairi. Tairi likibonyea kwa namna fulani, alitaja uzito wa lori kabla halijapanda kwenye bamba la mizani. Madereva walimcheka, kisha wakaacha kumcheka, na mwishowe wakawa wanamwomba, kwa hisani yake, azungumze kwa sauti ya chini, hasa lori likiwa limezidisha mzigo. Sijui kama kipaji ni kitu anachozaliwa nacho mtu au ni mazoea tu yaliyopata muda wa kutosha. Ninachojua ni kwamba jina lilipomfikia lilimkuta amekwisha kulistahili.

Alitaka kuwa mhandisi. Alama zake za mtihani wa mwisho hazikuwa haba hata kidogo, lakini utaratibu wa maombi hauangalii alama peke yake. Mwombaji huvipanga vyuo kwa mfuatano, na kila chuo hujaza nafasi zake kwanza kwa wale waliokitanguliza. Aliyekiweka chuo nafasi ya pili hungojea makombo, na katika vyuo vikubwa vya uhandisi na kompyuta makombo huwa hayapo. Dada alitanguliza chuo kilichomzidi kimo, kikamkataa. Kile kilichomfaa alikuwa amekiweka cha pili, nacho kilikwisha kujaa. Akapangiwa ualimu. Katika maisha yake yote sijapata kumsikia akilaumu mtihani. Alizoea kusema kwamba hakufeli kusoma, alifeli kupanga. Akafundisha fizikia, akaolewa na fundi wa majokofu mwenye utani usioisha, akajaliwa binti mmoja, na akaweka nadhiri moyoni kwamba hakuna mtoto atakayepita mikononi mwake kisha akapotea kwa kosa kama lile.

Hivyo ndivyo zilivyoanza Jumamosi zake. Msimu wa maombi ulipowadia, maabara ya sayansi ya shule yao iligeuka kuwa baraza. Dada aliketi kwenye kigoda kirefu nyuma ya meza yenye madoa ya tindikali, na wanafunzi wakaja mmoja mmoja, mbele ya wenzao, maana hakuamini siri katika jambo hili. Kila mmoja alitaja jumla ya alama zake kati ya mia tatu, kisha chuo anachokitamani. Dada alifumba jicho moja, kama alivyokuwa akifanya kando ya barabara, akatoa neno moja kati ya matatu. Chuma: utaingia. Udongo: inategemea moto utakaoukuta tanurini. Moshi: mwanangu, usijichoshe.

Kijana mmoja aliyeambiwa moshi aliwahi kujaribu kubembeleza.

"Mwalimu, hakuna moshi mzito mzito kidogo?"

"Upo," dada alimjibu. "Ukiukamata, niletee kiganja nione."

Maabara nzima iliangua kicheko, na kijana mwenyewe akacheka kuliko wote. Alitanguliza chuo kingine, akaingia, na leo ni mhandisi wa lifti anayemsalimu dada kwa kupiga magoti nusu.

Ustadi wake haukuwa na ramli ndani yake. Kila mwaka vyuo hutangaza alama ya mwisho, yaani alama ambayo chini yake mlango ulifungwa. Yeyote anaweza kuzisoma. Wengi huzisoma na kuamini kwamba mwaka huu mlango utafungwa palepale. Dada hakuwa mjinga kiasi hicho. Yeye alisikiliza uvumi. Mwaka iliposemekana kwamba chuo fulani kina mhadhiri wa hesabu anayefelisha nusu ya darasa, alijua kwamba waombaji watakimbia, na kwamba alama ya mwisho itashuka. Akawapeleka watoto wake huko. Mwaka chuo kingine kilipopaka rangi majengo na kutangazwa redioni, aliwaondoa wote. "Nafasi haikai penye alama," aliniambia wakati mmoja tukimenya viazi jikoni kwake, "inakaa penye woga wa watu." Nilikuwa na shahada ya uchumi kabatini, na sikumbuki kama nimewahi kusikia neno zuri hivyo darasani. Labda lilisemwa, nami nilikuwa nimesinzia.

Miaka ikapita, naye akawa hakosei, au akikosea ni kwa mtoto mmoja mmoja wa udongo ambaye tangu mwanzo alikwisha kuonywa. Wazazi walianza kuja na watoto wao. Mkuu wa shule akamwongezea viti. Kisha ukafika mwaka ambao aliyepaswa kupimwa alikuwa binti yake mwenyewe.

Mpwa wangu huyo, baba yake humwita Fundi Mkuu, kwa kuwa tangu utotoni hakikupita kifaa chenye skrubu mbele yake kikabaki kimefungwa. Alipata alama mia mbili arobaini na moja. Alitaka kusoma uhandisi wa kompyuta, na aliutaka katika Chuo Kikongwe, ambacho wahitimu wake huonekana kila mahali palipo na kazi ya maana. Alama ya mwisho ya Chuo Kikongwe mwaka uliotangulia ilikuwa mia mbili hamsini na mbili. Kozi hiyohiyo ilikuwepo pia katika Chuo Kipya, na huko mlango ulikuwa umefungwa kwenye mia mbili na kumi na nane tu, kwa sababu ulizuka uvumi kwamba chuo kitafukuzwa katika majengo yake. Uvumi ule ulikuwa wa uongo, lakini ulikuwa bado unatembea. Kwa macho ya dada, pale palikuwa na mlango ulioachwa wazi na watu waliokimbia bila kutazama nyuma.

Jioni walipokaa jikoni kuamua, nilikuwepo. Binti alieleza bila kudeka kwamba Chuo Kipya angesoma, hakikatai, ila Kikongwe ndicho anachokiota. Dada alimsikiliza hadi mwisho.

"Kuota hakuna foleni, mwanangu," alisema. "Kuingia ndiko kwenye foleni."

"Kwa hiyo Kikongwe ni moshi?"

Nilimwona dada akisita, jambo ambalo sikuwahi kuliona maabara. Kisha akafumba jicho moja.

"Moshi. Na Kipya ni chuma."

Binti alinigeukia. "Mjomba, wewe unasemaje?"

Nilisema kwamba inategemea. Shemeji, aliyekuwa akifuta grisi mikononi karibu na mlango, aliangua kicheko. "Shemeji yangu huyu, hata jua kuchomoza kesho kwake kunategemea." Tukacheka sote, hata binti, na kabla kicheko hakijaisha akawa amekitanguliza Chuo Kipya, Kikongwe akakiweka cha pili. Kila mmoja wetu aliyekuwa jikoni mle alijua kwamba hicho cha pili ni pambo tu.

Wiki hiyohiyo, mwanafunzi mmoja aliyehudhuria Jumamosi ya dada aliirekodi sauti yake kwenye simu. Maneno yalikuwa machache, na sauti ilikuwa ileile ya darasani, kavu na yenye uhakika: "Sikilizeni. Mwaka huu Chuo Kipya ni chuma. Mwenye mia mbili na thelathini alale usingizi. Kikongwe waachieni wenye vifua." Nyuma yake vinasikika vicheko. Kijana aliwatumia rafiki zake, rafiki wakawatumia binamu zao walioko miji mingine, na baada ya siku chache mtu wa dawati la jirani ofisini kwetu alinivuta bega ili nimsikilize mwalimu mmoja mkali sana asiyemjua. Nilimwambia ni dada yangu wa tumbo moja. Hakuamini hadi nilipomwonyesha picha. Shemeji naye aliicheza karakanani kwa kila mteja aliyeleta jokofu. Dada alijifanya amekasirika, lakini wiki ile alisuka nywele upya.

Matokeo yalifunguliwa siku ya kazi, kabla ya adhuhuri. Simu yangu iliita, nikasikia neno moja tu: "Njoo."

Nilimkuta chumba cha walimu, amesimama mbele ya kompyuta wanayoichangia, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti kana kwamba kiti ndicho kilichokuwa karibu kuanguka. Walimu wenzake walikuwa wamekwisha kusoma.

"Soma kwa sauti, mdogo wangu," aliniambia. "Pengine ni macho yangu."

Nikasoma. Uhandisi wa kompyuta, Chuo Kipya, alama ya mwisho: mia mbili arobaini na saba. Uhandisi wa kompyuta, Chuo Kikongwe, alama ya mwisho: mia mbili thelathini na tatu.

"Rudia."

Nikarudia, safari hii nikifuata kila tarakimu kwa kidole. Hazikubadilika. Dada aliinama hadi pua yake ikakaribia kioo, akakaa hivyo kwa muda, kisha akanyooka na kutangaza kwamba wamegeuza mistari. Alilisema kwa utulivu wa mtu aliyegundua kosa la mwanafunzi. Ya Kikongwe imeandikwa kwa Kipya, na ya Kipya imeandikwa kwa Kikongwe. Vijana wa siku hizi wanaandika bila kuhakiki. Mwalimu wa historia aliitikia kwa kichwa, nadhani kwa huruma. Mimi nilishika tumaini lile kwa mikono miwili.

Akapiga simu Chuo Kipya. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia sauti ya upande wa pili, ya kike, changa na yenye adabu. Dada alieleza kwamba kuna mistari imegeuzwa. Akaombwa asubiri. Kisha sauti ikarudi.

"Hapana, mama, ndivyo ilivyo. Mwaka huu wamefurika, hata sisi wenyewe tumeshangaa. Sijui ni nani kawaambia waje huku."

Dada alimshukuru, akamwita mwanangu, akamtakia kazi njema, na akairudisha simu mezani kifudifudi, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Nimepata kuona watu wakipokea habari nzito. Wapo wanaolia na wapo wanaofoka. Sikuwahi kumwona mtu akibaki amesimama vile, mdomo wazi kidogo, akitazama kitu ambacho sote tulikuwa tunakitazama na bado akishindwa kukiona. Mwalimu wa historia alimsogezea kiti kingine. Hakukaa.

Katika hali hiyo binti akabisha hodi. Aliamkia walimu wote, mmoja baada ya mwingine, kwa ile heshima inayotumiwa na mtu anayeogopa kufika mwisho wa salamu. Alikuwa amekwisha kuona kwenye simu yake, akiwa karakanani kwa baba yake.

"Mama," alisema, "Kikongwe ningekitanguliza, ningeingia."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtoto anayemjulisha mama yake kwamba sufuria inaungua. Nadhani lawama ingekuwa nafuu, maana lawama hujibiwa.

"Nimeona," dada alisema.

"Ningeingia na alama zingine zikabaki."

"Nimeona, mwanangu."

Kisha dada akaanza kutafuta kosa lake. Alilitafuta kwa sauti, mbele yetu, kama afanyavyo ubaoni mahesabu yanapokataa. Uvumi wa majengo ulikuwepo, na ulikuwa haujakanushwa. Idadi ya watahiniwa haikuongezeka kiasi cha kutisha. Mtihani haukuwa mwepesi kuliko wa nyuma. Woga ulikuwepo, alisema, mwenyewe aliuona, aliusikia midomoni mwa wanafunzi. Sasa ule woga ulikwenda wapi? Ni nani aliyewatoa watu woga? Aliuliza swali lile mara mbili, na mara ya pili alikuwa ananiuliza mimi, mwenye shahada. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nafikiria mistari iliyogeuzwa.

Binti ndiye aliyejibu.

"Hujakosea popote, Mama. Wamekusikiliza."

Sijui niueleze vipi uso wa dada yangu wakati ule. Mshtuko wa kwanza ulikuwa wa mtu aliyekuta hesabu haikutoka. Huu ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba hesabu ilikuwa sahihi hadi dakika aliyoitamka. Alikuwa ameuona mlango ulioachwa wazi, akawaita watoto wa watu wapite. Wakapita, na wengine aliokuwa hajawaita wakawafuata, na wengine aliokuwa hawajui kabisa, hadi mlango ukafungwa mbele ya uso wa mwanawe. Na Kikongwe, ambacho aliwaambia wawaachie wenye vifua, wote walijitazama vifua wakakiacha. Nilifundishwa jambo hili chuo kikuu, kwa michoro, nikalijibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Lilipokaa jikoni kwa dada, mbele ya viazi, sikulitambua.

Akakaa sasa, kwenye kiti cha kwanza, si kile alichosogezewa.

Siku zilizofuata nyumba yao haikuwa na kelele wala ugomvi, ingawa ugomvi ungesaidia. Shemeji alijaribu utani wake mara moja, kwamba mganga hajigangi, akaona hakuna aliyeinua uso, akaenda uani kuosha kikombe kilichokuwa kisafi. Binti alimhudumia mama yake kwa upole uliotuumiza sote. Kisha wazazi wakaanza kuja. Sikumlaumu hata mmoja. Nilikuwepo alipofika mama mmoja mwenye duka la vitambaa upande wa pili wa mji. Hakupandisha sauti, alikunja mikono mapajani na kusema kwamba mwanawe ana mia mbili arobaini na nne, na alikuwa anataka Kikongwe.

"Wala hukumfundisha, Mwalimu," alimalizia. "Alikusikia kwenye simu tu."

"Wangu ana arobaini na moja," dada alisema.

Hakukuwa na kujitetea katika neno lile. Wale kina mama wawili walitazamana, kisha mgeni akaomba maji ya kunywa, dada akaenda kuyaleta mwenyewe, na wakakaa muda mrefu bila kuzungumza lolote la maana.

Ndipo ikatangazwa duru ya pili. Baadhi ya waliochaguliwa hawakuthibitisha, kwa hiyo nafasi chache zilikuwa zimebaki katika vyuo vyote viwili. Safari hii mwombaji alitakiwa kuchagua chuo kimoja tu, bila cha pili. Ugumu wake ulikuwa dhahiri kwa kila mtu mwenye akili: Kikongwe kilionekana rahisi sasa, kwa hiyo wote wangekikimbilia, kwa hiyo kingekuwa kigumu, labda basi werevu wangebaki Kipya, lakini kama werevu wote wangefikiri hivyo? Ukianza kuizunguka njia hiyo, hutoki. Dada aliizunguka siku mbili kisha akatangaza shuleni kwamba hatasema neno.

Alidhani kunyamaza ni kujitoa. Kumbe wanafunzi waliupima hata ukimya wake. Mizani kanyamaza, walisema, basi anajua; anamfichia binti yake nafasi. Wakaanza kumwandama binti. Mmoja alimfuata hadi dukani kuchungulia simu yake. Wawili walikwenda karakanani wakijifanya wana jokofu bovu, shemeji akawauliza ni la aina gani, wakamtajia aina mbili tofauti kwa pamoja. Mtunza maabara, mzee mcheshi aliyefanya kazi na dada kwa miaka mingi, alimwendea dada alipokuwa akipanga vyombo vya kioo.

"Mwalimu, jihadhari," alimwambia. "Ukikohoa tu, watasema ni chuma."

Alitaka kumchekesha. Dada alishtuka vibaya, akakaa na chombo mkononi. Jioni ile alinisimulia, akaniuliza kama nadhani mtu anaweza kufanya nini pale ambapo neno lake ni zito na ukimya wake nao ni mzito. Kwa mara ya kwanza sikusema kwamba inategemea.

Jumamosi akaifungua maabara. Walijaa hadi madirishani. Hakukaa kwenye kigoda. Aliwaeleza kwa urefu yaliyotokea, hatua kwa hatua, kama somo: woga ulikuwa wapi, sauti ilisambaaje, mlango ulifungwaje. Aliwaambia kwamba miaka yote hii alifikiri amesimama kando ya barabara anatazama malori yakipita, kumbe siku ile alikuwa amepanda juu ya bamba pamoja nao. Kijana mmoja wa nyuma, mwenye ujasiri au mwenye uchungu, aliuliza kilichokuwa kwenye ndimi za wote.

"Na binti yako je, Mwalimu? Yeye umemwambia achague wapi?"

"Sijamwambia," dada alijibu. "Na nimemwomba asiniambie. Mwaka huu sijui. Msiende mkasema nimesema fumbo. Sijui."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilizitazama nyuso zao, na niliona kwamba hakuna jambo alilopata kuwaambia lililowatia hofu kama lile. Baadhi waliondoka wakinong'ona kwamba ni janja. Wengi waliondoka kimya. Mama wa duka la vitambaa, aliyekuwa amekuja na mwanawe, alibaki kidogo, akampa dada mkono.

Binti alituma maombi yake karakanani, katikati ya majokofu yaliyovuliwa milango. Baba yake na mimi tulikuwepo. Alitugeuzia mgongo, akainamia simu nyuma ya jokofu moja kubwa la bucha, na shemeji akasema angalau huko ndani hakuna wa kumwigilizia. Hatukuona alichobonyeza. Alipotoka alikuwa na jasho juu ya mdomo, akaomba bisibisi na akaenda kumsaidia baba yake kufungua mota, kana kwamba ndilo lililomleta.

Dada aliteseka katika kungojea kule kuliko nilivyotarajia. Mtu aliyezoea kujua uzito kabla lori halijapanda alilazimika kuishi na binti yake meza moja bila kujua hata barabara aliyoishika. Mara nyingine nilimkuta akimtazama mwanawe kwa jicho moja limefumba, kisha akajishtukia na kulifumbua. Aliniuliza kama binti ameniambia. Nikasema hapana, na ilikuwa kweli.

"Hata angekwambia, usingeniambia," alisema.

"Nisingekwambia."

"Vizuri," alisema, ila hakuonekana kuona uzuri wowote.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili alasiri. Dada alikuwa anapiga pasi sebuleni. Shemeji na mimi tulikuwa tunabishana juu ya betri ya redio. Binti aliingia kutoka chumbani akiwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Mama, nimepata."

Dada aliiweka pasi wima. "Wapi?"

"Kikongwe."

Shemeji aliruka, akataka kumbeba binti kama alivyokuwa akimbeba utotoni, mgongo ukamkumbusha umri wake, akaishia kumkumbatia kiuno. Mimi nilisimama na betri mkononi. Dada hakusogea. Uso wake ulikuwa na ile hali ya chumba cha walimu, nami nikaogopa, maana sikujua kama furaha na msiba vinaweza kuwa na uso mmoja.

"Alama ya mwisho ni ngapi?" aliuliza.

"Sijaangalia, Mama."

Alinyoosha mkono. Binti akampa simu. Dada alishusha miwani kutoka kwenye nywele, akatafuta, akapata, akasoma. Kisha akasoma tena, na mkono wake wa kushoto ukatafuta mahali pa kushika pasipo kupapata. Nilidhani wamegeuza mistari kweli safari hii. Nilimwendea.

"Mia mbili arobaini na moja," alisema.

Kila mmoja aliitafuta maana yake kwa mwendo wake.

"Wa mwisho ni wewe," dada alimwambia binti yake.

"Basi, Mama, si lazima awepo mmoja?"

Alisema akicheka, lakini dada alikuwa amekaa juu ya nguo alizokwisha kuzinyoosha, na hakuwa anacheka. Alisema, kama anayejisemea, kwamba miaka yote hii ameisoma namba ile na kuwaambia watoto wa watu kwamba ukuta uko hapa. Hakuwahi kufikiri kwamba kila mwaka, hapo ukutani, palikuwa na mtoto wa mtu amesimama, wa mwisho kuingia, na mlango umefungwa mgongoni mwake. Aliinua uso akatutazama mmoja mmoja.

"Na mwenye mia mbili na arobaini," aliuliza, "ni mtoto wa nani?"

Mimi nilitazama betri. Katika mji ule, au mwingine wowote uliosikia sauti yake, palikuwa na nyumba ambamo simu ilikuwa imewaka saa ileile, na mtoto fulani alikuwa anasoma namba yetu.

Binti alipiga magoti mbele ya mama yake, akaichukua simu kutoka mkononi mwake, akaiweka sakafuni.

"Mama," alimwambia, "kwanza niambie hongera."

Dada alimtazama, macho yote mawili yakiwa wazi.

"Hongera, mwanangu," alisema. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu tusome zile namba chumba cha walimu, akalia.